Kwa Mliofunga Kamera Madukani

Wanangu wafanyabiashara, wa kike na wa kiume, mmezoea kuniita niwasuluhishe, na siwalaumu, maana mtu mzima hakosi kazi kwenye mtaa wenye maduka. Lakini nimechoka. Siku hizi kila kesi inaanza kwa mtu kunisogezea simu usoni: "Mzee, hebu jionee mwenyewe." Natazama. Naona droo inafunguliwa, naona mkono, naona noti, kisha picha inakatika na mwenye duka ananisubiri nitamke kwamba kijana ni mwizi. Nimeona bora niyaandike haya ninayoyarudia kila mara, ili anayenihitaji ayasome kwanza. Akimaliza kusoma na bado ana shida, aje tuzungumze.

Neno langu ni moja. Kamera ni shahidi. Ni shahidi mzuri, hasinzii, hapokei rushwa, hamwogopi mtu. Lakini shahidi hawezi kuwa mlinzi, wala mhasibu, wala hakimu. Karibu balaa zote ninazoletewa zinatoka kwa mtu aliyemnunua shahidi, akambebesha kazi hizo zote tatu, kisha yeye akaenda zake nyumbani.

Msije mkasema mzee anapinga maendeleo. Nitaanza na faida, maana zipo na nimeziona. Chukueni duka la jumla. Fuso inashusha katoni za sabuni, makuli wanabeba, karani anahesabu huku anajibu simu. Jioni dereva anaapa kwamba ameshusha 120, ghalani zipo 118. Zamani maneno hayo yaliishia kwa makuli kukatwa ujira, wote, mwenye kosa na asiye na kosa. Leo mnarudisha picha, mnakaa pamoja dereva, karani na kuli, mnahesabu katoni moja moja inavyopita mlangoni. Mkifika mwisho, 118. Dereva anarudi kufungua turubai na kuzikuta mbili zimebaki nyuma. Hakuna aliyetukanwa, hakuna aliyekatwa pesa. Hiyo ni faida kubwa, na aliyefaidika zaidi ni kuli, yule ambaye siku zote neno lake lilikuwa halina uzito.

Au mteja anaonyesha ujumbe wa malipo ya simu, anabeba mzigo, kumbe ujumbe kauandika mwenyewe. Kamera inakupa sura, saa, na pengine namba ya bodaboda iliyomsubiri nje. Ukienda polisi kuchukua RB, yaani namba ya taarifa yako, una kitu mkononi. Au mteja anapiga kelele kwamba ametoa noti ya 10,000 na binti anasema amepokea ya 5,000. Picha ikionekana vizuri, mzozo unakwisha kabla watu hawajajaa mlangoni. Kwa mambo haya nawaambia fungeni kamera, tena msisite.

Sasa nisikilizeni kwenye mipaka yake. Mwaka 2019 watafiti Eric Piza, Brandon Welsh, David Farrington na Amanda Thomas walichapisha kazi iliyokusanya tafiti za miaka 40 kuhusu kamera hizi. Kwa jumla, palipofungwa kamera uhalifu ulipungua kwa takriban asilimia 13. Nafuu kubwa zaidi ilionekana kwenye maegesho ya magari. Kwa uhalifu wa kutumia nguvu, hawakuona tofauti ya maana. Na kamera zilifanya kazi vizuri zaidi pale palipokuwa na mtu anayezitazama, pamoja na hatua nyingine za ulinzi. Basi anayekuuzia seti ya kamera na kukuambia "sasa lala usingizi" anakuuzia kitu ambacho hakimo kwenye boksi.

Mnalikumbuka shambulio la jengo la maduka la Westgate, Nairobi, tarehe 21 Septemba 2013. Jengo lile lilikuwa na kamera, na kamera zilifanya kazi yake. Ziliwarekodi wauaji wakitembea kati ya rafu, bunduki mkononi. Watu 67 waliuawa. Picha zile baadaye ziliwasaidia wapelelezi na zikaonekana dunia nzima, lakini hazikumzuia hata muuaji mmoja asipite mlangoni. Na jicho lile lile lililowaona wauaji liliwaona pia wanajeshi wakitoka supamaketi wamebeba mifuko. Shahidi hachagui upande. Ukimweka dukani, ujue na wewe mwenye duka anakutazama, namna unavyompokea mteja na namna unavyomfokea kijana wako.

Tena mali nyingi inayopotea haichukuliwi na jambazi. Kikulacho ki nguoni mwako. Inatoka kwa bei iliyopunguzwa kwa rafiki, kwa bidhaa iliyoandikwa moja zikapita mbili, kwa mkopo usioandikwa kabisa. Kamera inaona mtu anamkabidhi mtu mfuko. Haioni kwamba bei ilikuwa pungufu. Wazee waliotutangulia walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na msemo huo haujazeeka. Nawauliza wengi wenu swali dogo, "Jana jioni droo ilikuwa na shilingi ngapi, na daftari linasema ngapi?" Mnanijibu mna kamera nane.

Niwape kesi moja, bila jina la mtu wala la duka. Ni duka la vitenge. Mwenye duka yuko safarini kufuata mzigo, anatazama duka kwenye simu. Anamwona binti yake wa kazi anafungua droo, anachukua noti ya 5,000, anaikunja mara mbili, anaitia kwenye pochi yake iliyoning'inia nyuma ya mlango. Kipande chenyewe hakifiki hata nusu dakika. Kabla ya kumpigia binti simu, mwenye duka amekirusha kwenye kundi la WhatsApp la wafanyabiashara wa mtaa mzima, na maneno chini yake: jihadharini na huyu.

Nilipoitwa, niliomba vitu viwili, daftari la siku ile na picha za siku nzima. Daftari na droo vilikubaliana, haikupungua hata shilingi. Hapo tu kesi ilikuwa imekwisha, lakini tuliendelea. Tulirudi nyuma saa moja na ushee. Mama mmoja ananunua vitenge vya 15,000, anatoa noti mbili za 10,000. Binti anapekua droo, hakuna chenji. Anatazama mlangoni, jirani wa kumbadilishia hayupo. Anakwenda kwenye pochi yake, anatoa 5,000 yake mwenyewe, anampa mama, mama anaondoka. Baadaye noti ya 5,000 ilipoingia dukani kwa mauzo mengine, alichukua haki yake. Alimwokolea bosi wake mauzo kwa pesa ya mfukoni mwake, akaitwa mwizi mbele ya mtaa.

Kamera haikusema uongo hata mahali pamoja. Aliyekosea ni aliyesikiliza sentensi moja ya shahidi akafunga kesi. Mwenye duka aliomba radhi, na kwa hilo nampa heshima yake. Lakini kile kipande kilikuwa kimeshapita kwenye simu ambazo yeye hazijui, na radhi yake haikukifuata huko kote. Binti aliacha kazi mwezi ule ule. Duka lilipoteza mtu wa namna ambayo mtamtafuta kwa tochi.

Nije kwenye gharama. Wengi wenu mnahesabu bei ya kamera na ufundi, mnaona mmemaliza. Hesabu inaanzia hapo. Kamera moja ya megapikseli 2, ikirekodi usiku na mchana kwa kasi ya megabiti 4 kwa sekunde, inakula takriban gigabaiti 43 kwa siku. Kamera nne zinakula zaidi ya 170. Diski ya terabaiti 1 inajaa siku ya sita, na ikijaa mashine haikuulizi, inafuta picha za zamani na kuandika mpya juu yake. Ukitumia ubanaji wa kisasa wa H.265 unaweza kupata karibu mara mbili ya siku hizo. Bado ni wiki mbili zisizotimia.

Sasa jiulizeni, mnahesabu mali mara ngapi? Wengi mara moja kwa mwezi, wengine mwisho wa mwaka. Maana yake ni kwamba siku unayogundua katoni tano hazipo, shahidi wako ameshasahau zamani. Mnaniletea malalamiko kwamba kamera haikusaidia. Kamera ilisaidia, ninyi hamkumuuliza shahidi wenu kwa wakati. Ama nunueni diski kubwa, ama hesabuni bidhaa zenye thamani kila wiki, na kukiwa na tukio nakilini picha siku hiyo hiyo kwenye fleshi na kuiweka mahali salama. Mkishindwa kufuata jambo lolote katika haya ninayoyasema, fuateni hilo.

Umeme nao mnaujua. Ukikatika, kamera zimekufa, na mwizi wa mtaani anajua hivyo kuliko fundi wenu. Betri ya akiba ya kuendesha kamera na DVR, ile mashine ya kurekodi, kwa saa chache iwe kwenye bajeti toka mwanzo. Umeme ukirudi, tazameni saa. Kuna mashine ambazo kibetri chake kidogo cha ndani kikichoka, saa inarudi mwaka wa kiwandani. Mkienda mahakamani na picha inayosema wizi ulitokea mwaka 2000, mtamweleza nini hakimu? Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inakubali ushahidi wa namna hii hapa Tanzania, lakini mahakama inapima kama ulitengenezwa na kutunzwa kwa njia ya kuaminika. Saa iliyopotoka na fleshi iliyopita mikono mingi vinampa wakili wa mshtakiwa mlango wa kutokea.

Na hiyo DVR msiiweke chini ya kaunta ikiwaka taa. Wezi wa siku hizi wakishavunja wanaianza yenyewe. Ifungieni kwenye kabati la chuma, chumba cha nyuma, pawe na hewa isichemke.

Kwenye kuzifunga kamera napo mnadanganyika. Kamera inayotazama mlango wazi mchana inaona jua la nje, na kila anayeingia anakuwa kivuli cheusi. Ya juu sana inaona kofia na vipara. Usiku wadudu wanaizunguka kamera, wadudu wanamleta buibui, na utando mmoja mbele ya lenzi, ukimulikwa na zile taa zake zisizoonekana kwa macho, unaigeuza picha nzima kuwa weupe. Kijana mmoja na kitambaa kikavu, mara moja kwa wiki, ni sehemu ya mfumo huo sawasawa na waya. Kamera mbili zilizofungwa vizuri, moja usawa wa uso mlangoni, nyingine juu ya meza ya kupokelea pesa, zinawafaa kuliko nane zilizotupwa kwenye kona ili dari ipendeze.

Jambo jingine, nywila. Fundi akimaliza kufunga, wengi mnaacha ile ile iliyotoka nayo kiwandani ili msisahau. Mwaka 2016 programu haribifu iliyoitwa Mirai ilizunguka dunia ikijaribu orodha ya nywila za kiwandani, ikateka kamera na mashine za kurekodi kwa maelfu mengi, na tarehe 21 Oktoba mwaka huo zikatumika kuishambulia kampuni ya huduma za intaneti ya Dyn hadi tovuti kubwa za Marekani zikashindwa kufunguka. Wenye kamera hizo wengi hawakujua kitu. Na Machi 2021 wadukuzi waliingia kwenye mfumo wa kampuni ya Verkada ya Marekani, wakaweza kutazama kamera zipatazo 150,000 za hospitali, shule, magereza na viwanda. Kama wewe unaliona duka lako ukiwa safarini, mlango upo, na mlango ukiwepo hauwi wako peke yako mpaka uufunge. Badilisheni nywila siku ile ile, na fundi akimaliza kazi asibaki na ufunguo wa kutazama.

Nimefika mahali panaponichosha zaidi, na ndipo nataka mnisikilize zaidi. Ni watu. Mnaajiri binti wa miaka 20, mnampa mshahara ambao ninyi wenyewe hamwezi kuutaja kwa sauti, kisha mnafunga kamera juu ya kichwa chake na kumpigia simu kila anapokaa. "Mbona umekaa?" "Mbona unacheka na huyo?" "Umekula dakika ngapi?" Mtu anayeishi hivyo haachi kuiba kama alikuwa mwizi, anajifunza kona ambayo kamera haifiki. Na kama alikuwa mwaminifu, anaacha kufikiri. Yule binti wa vitenge, angejua anatazamwa namna ile, asingethubutu kutoa pesa yake. Angemwambia mama yule "hakuna chenji" na mauzo yangepotea.

Mnaikumbuka au hamuikumbuki habari ya Ujerumani ya mwaka 2008, nawakumbusha. Maduka ya Lidl yaligundulika yamewaweka wapelelezi na kamera ndogo, kwa madai ya kukamata wezi. Taarifa za wapelelezi zikakutwa zimeandika mfanyakazi gani ameenda chooni mara ngapi, na nani ana uhusiano na nani. Kampuni ilitozwa faini ya karibu yuro milioni 1.5. Walianza kwa kutafuta mwizi. Jicho lisilo na mpaka haliishii pale lilipotumwa, linaingia maisha ya watu, kwa kuwa maisha ya watu yanavutia kuliko katoni.

Kwa hiyo wekeni mpaka mapema. Chooni, hapana. Chumba cha kujaribia nguo, hapana. Wanapobadilishia nguo wafanyakazi, wanaposali, wanaponyonyeshea watoto, hapana, wala kamera isiyowashwa msiiweke huko. Kamera ya sauti ya kusikiliza mazungumzo ya watu, iacheni. Mliopita madrasa mnajua Surat Hujurat inavyokataza kudhaniana vibaya na kupelelezana. Kulinda mali ni halali. Kumfuatilia mtu katika yasiyohusu mali ni jambo jingine, na mnalijua.

Sheria nayo imeshawafikia. Katiba ya Tanzania, ibara ya 16, inalinda faragha ya mtu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilipitishwa mwaka 2022 na kuanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na ipo Tume inayoisimamia. Picha ya mtu anayetambulika ni taarifa yake binafsi. Anayezikusanya anatakiwa ajisajili, awe na sababu halali, awajulishe watu, asikusanye kuliko anavyohitaji, azilinde, na asizitumie kwa jambo jingine. Wenzetu wa Kenya wana sheria yao ya mwaka 2019, na haijakaa kabatini. Septemba 2023 ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliitoza klabu moja ya starehe ya Nairobi faini ya shilingi 1,850,000 za Kenya kwa kuweka picha ya mteja mtandaoni bila idhini yake. Haikuwa hata picha ya kumwita mtu mwizi. Basi wewe uliyerusha video ya binti wa watu kwenye kundi, jipime.

Najua mtakalonijibu. "Mzee, sisi tumeibiwa, wewe unatuletea haki za wezi." Wanangu, nimekaa kwenye biashara muda wa kutosha kujua uchungu wa kufungua ghala ukakuta pengo. Siwaambii msamehe wizi. Nawaambia mkamateni mwizi kwa namna ambayo kesi itasimama, na asiye mwizi abaki na jina lake. Ukishuku jambo, nakili picha, linganisha na daftari, tazama kabla na baada ya tukio, kisha mwite mhusika faragha umuulize kabla hujamwambia ulichokiona. Jibu lake likishindwa kusimama, nenda polisi. Kundi la WhatsApp halina hakimu.

Na ninyi wenyewe mjihurumie. Nawaona mkila chakula cha usiku na watoto wenu, macho yakiwa kwenye simu, mnatazama duka lililofungwa. Mtoto anaulizia daftari la shule, baba anatazama kufuli. Kama umeshafunga, umeshahesabu, umeshaandika, simu iweke mbali. Kama hujahesabu wala kuandika, kutazama hakutakusaidia.

Haya ndiyo yangu. Fungeni kamera mahali pa pesa, mlango na ghala. Bandikeni tangazo kwa Kiswahili, herufi kubwa, kwamba hapa panarekodiwa na kwa sababu gani. Teueni watu wawili tu wa kutazama rekodi, na kila anayefungua aandike jina, siku na sababu. Lipeni mshahara wa mtu. Hesabuni droo kila jioni mkiwa na muuzaji pembeni, naye asaini.

Na kesho asubuhi, kabla hamjafungua, mwiteni kijana wenu wa kazi mumwonyeshe kila kamera ilipo, inachorekodi, rekodi inakaa siku ngapi na nani anaitazama. Mwambieni pia kwamba siku akisingiziwa na mteja, ana haki ya kuomba picha hizo zimtetee, nanyi mtazitoa. Akiwa na swali, mjibuni. Mkishaweza kumwambia hayo uso kwa uso bila kuona haya, kamera zenu zimefungwa vizuri.